Mbegu ziko salama ng'ambo, lakini zirudi wapi?

Wengi wetu tunaosafiri kati ya Bukavu na Uvira tunaijua ile njia ya kupitia Rwanda. Barabara ya milima ya Ngomo inapokuwa mbaya, gari huvuka mto Ruzizi, hushuka upande wa pili mpaka tambarare ya Bugarama, kisha hurudi Kongo pale Kamanyola. Ndani ya gari mazungumzo huwa ya mpaka, ya bei ya mchele, ya watoto walioachwa nyumbani. Sisi wenyewe tumepita hapo mara nyingi bila kujua kwamba katika eneo hilo, kwenye chemchemi za maji moto za Mashyuza, kulikuwa na mmea ambao haukujulikana mahali pengine popote duniani.

Ni yungiyungi, ua lile la majini, lakini dogo kuliko mayungiyungi yote. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Ua ni jeupe, katikati ni la manjano. Halikuishi ndani ya maji kama ndugu zake, bali kwenye tope, pale ambapo maji ya moto yalikuwa yamepoa kufikia nyuzi 25 hivi, na eneo lote lililolifaa lilikuwa mita za mraba chache, kama sakafu ya sebule ya mtu. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Eberhard Fischer, alilitambua katika miaka ya 1980, na mimea michache ikapelekwa kwenye bustani ya mimea ya Bonn. Wanasayansi wanaliita Nymphaea thermarum.

Mwaka 2008 lilikuwa limetoweka. Maji ya chemchemi yalielekezwa kwenye mashamba, tope likakauka, na ua likakauka pamoja nalo. Hatuna neno la kumlaumu mkulima. Mwenye watoto wa kulisha akiona maji yanapita tu karibu na shamba lake atachimba mfereji. Sisi tungefanya vilevile, na pengine tungeshukuru ibadani kwa ajili ya mfereji huo.

Kilichobaki kilikuwa mimea michache na mbegu chache huko Ulaya. Imesimuliwa kwamba panya alikula mojawapo ya mimea ya mwisho iliyokuwa Ujerumani. Katika bustani ya Kew, London, mkulima wa mimea adimu, Mhispania Carlos Magdalena, alipanda mbegu akazipoteza, akapanda tena akazipoteza tena. Zilichipuka, zikakua kidogo, zikafa. Alikuwa anazipanda ndani ya maji kwa sababu mayungiyungi hupandwa ndani ya maji. Mwishowe akarudi kufikiri juu ya mahali zilikotoka: ni tope, si ziwa. Akaweka vyungu ili udongo ulingane na uso wa maji, miche ikapata hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka hewani, ikasimama. Novemba 2009 ua la kwanza likafunguka. Januari 2014 mtu asiyejulikana aliiba mche mmoja kutoka bustanini, na polisi wa London wakaingia kazini kwa ajili ya ua dogo la Bugarama. Kisha mwaka 2023 ikatangazwa kwamba limeonekana tena porini, kule kule Rwanda.

Tunaisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu siku hizi benki za mbegu zinatajwa mara nyingi kwenye redio na kwenye mikutano ya mazingira, na huwa zinatajwa kama jibu lililokamilika: tutakusanya mbegu za mimea inayotoweka, tutaziweka kwenye baridi, na kazi imekwisha. Yungiyungi hilo linaonyesha nguvu ya shauri hilo na pia udhaifu wake. Bila mbegu na mimea ya ng'ambo, kwa miaka 15 lisingekuwa na hakika yoyote ya kuwapo duniani. Lakini mbegu peke yake ilikufa mikononi mwa fundi hodari mpaka alipojua tope lake.

Tueleze kwanza benki hizo zinafanya nini, maana si ajabu ya kizungu. Wamama zetu huchanganya maharagi ya mbegu na majivu ndani ya kibuyu, na mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyakaushe na kuwafukuza wadudu. Mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Inapumua polepole. Unyevu, joto na wadudu ndio maadui zake, na kadiri inavyokauka na kupoa, ndivyo usingizi wake unavyorefuka. Benki kubwa kuliko zote ya mbegu za mimea ya porini iko Wakehurst, kusini mwa Uingereza, chini ya bustani hiyo ya Kew. Ilifunguliwa mwaka 2000. Mbegu hukaushwa katika chumba chenye joto la nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 15, hufungwa katika chupa za kioo zisizopitisha hewa, kisha huwekwa chini ya ardhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya miaka kama 10 chache hutolewa na kuoteshwa ili kuona kama bado ziko hai. Humo mna mbegu zaidi ya bilioni 2, za aina karibu 40,000 za mimea. Kwa kawaida nchi yenye mimea hubaki na fungu lake la mbegu, na fungu la pili hupelekwa Wakehurst kama akiba.

Wakusanyaji wana kanuni moja iliyotupendeza: usichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa unazozikuta siku hiyo. Zinazobaki ni za ndege, za panya, na za msitu wenyewe. Anayesoma kitabu cha Walawi atakumbuka masazo ya pembeni mwa shamba.

Benki nyingine inayotajwa sana ni ile ya Svalbard, Norway, iliyochimbwa ndani ya mlima wa barafu na kufunguliwa mwaka 2008. Hiyo ni hasa ya mazao ya chakula na ndugu zake wa porini. Ni ghala la ghala: benki za nchi mbalimbali hupeleka nakala za mbegu zao, na aliyeweka ndiye peke yake mwenye haki ya kutoa. Watu wengi walidhani ghala hilo litafunguliwa siku ya maangamizi ya dunia. Lilifunguliwa mapema zaidi, na kwa sababu tunayoijua sisi wa mashariki ya Kongo kuliko watu wengi: vita.

Karibu na mji wa Aleppo, Syria, kulikuwa na kituo cha utafiti cha ICARDA chenye mbegu za ngano, shayiri, dengu na ndugu zao wa porini, kiasi cha vifungu 150,000. Vita vilipokaribia, wafanyakazi walihakikisha nakala nyingi zimefika Svalbard. Baadaye hawakuweza tena kufanya kazi kituoni. Mwaka 2015 ICARDA iliomba kurudishiwa mbegu zake, zikapandwa Lebanon na Morocco, zikazaa, na mwaka 2017 nakala mpya zikarudishwa Svalbard. Sudan haikuwa na bahati hiyo. Benki yake ya mbegu iko Wad Medani, mji uliotekwa Desemba 2023, na kituo kikavamiwa na kuporwa. Mbegu zilizookolewa, mtama miongoni mwake, zilipelekwa Svalbard Februari 2025. Tunapowaza juu ya frigo ya mbegu katika mji wetu wowote wa Kivu, tunajiuliza kwanza habari ya umeme, ambao haumalizi siku tatu bila kukatika. Halafu tunakumbuka Wad Medani, tunaona kwamba umeme ndilo tatizo dogo.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Baada ya maangamizi ya Rwanda mwaka 1994, vituo vya utafiti wa kilimo vilianzisha mpango ulioitwa Mbegu za Tumaini. Aina za maharagi ya Rwanda zilizokuwa zimehifadhiwa nje zilizidishwa katika nchi jirani ili zirudishwe. Kazi nzuri. Lakini watafiti waliofuatilia mashambani waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: aina nyingi za maharagi hazikuwa zimepotea hata kidogo. Watu walikuwa wamezificha, wamekimbia nazo, wamezipata kwa ndugu au kuzinunua sokoni. Benki kubwa ilikuwa vibuyu vya wamama.

Hapo ndipo tunapoona hatari ya mimea ya porini, na ndilo jambo tunalotaka makanisa yetu yalifikiri. Haragi lina shangazi wa kulifunga kwenye pembe ya kitenge usiku wa kukimbia. Tumeliona hilo kwa macho yetu mwaka 2025, Januari kule Goma na Februari kule Bukavu, na kabla ya hapo Masisi, Rutshuru, Lubero na Djugu: mama ana mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na kifurushi kidogo cha mbegu. Mti wa msituni hauna shangazi. Hakuna anayekimbia na mbegu zake. Vita vinapopita, anakuja mwenye kutafuta mbao, anakuja mwenye makala, anakuja mwenye kuchimba madini, na hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kujua mti huo ulikuwa wa mwisho au la.

Je, si ndiyo sababu ya kuzipeleka mbegu hizo Wakehurst haraka iwezekanavyo? Kwa zile zinazoweza, ndiyo, na zipelekwe. Lakini kuna mbegu zinazokataa. Kila mtu kwetu anajua kokwa la parachichi: liache likauke juu ya dirisha, halioti tena. Wakulima wa Beni na Mambasa wanajua kwamba kakao iliyokaushwa kwa ajili ya mnunuzi haiwezi kuwa mche. Mbegu za namna hii zikikauka zinakufa, na zisipokauka haziwezi kugandishwa, maana maji yaliyo ndani yake huwa barafu na kuzipasua. Mimea ya nchi kavu, ile ya savana na majangwa, mara nyingi ina mbegu zinazovumilia. Miti ya misitu yenye mvua, kama yetu, mara nyingi haina. Mwaka 2018 wataalamu wa Kew walitoa hesabu: kati ya mimea iliyo ukingoni kabisa mwa kutoweka, asilimia 36 ina mbegu zisizoweza kuhifadhiwa kwa njia ya kawaida ya benki. Yaani zaidi ya theluthi. Zipo njia nyingine, kama kugandisha kiini cha mbegu peke yake katika naitrojeni ya majimaji, lakini ni ghali na kila mmea unadai utafiti wake.

Kahawa ni mojawapo ya mimea yenye shida hii, na hapa hatuzungumzi tena juu ya ua dogo la kupendeza macho. Mbegu ya kahawa hukaa muda mfupi tu. Kwa hiyo benki za kahawa si frigo, ni mashamba: miti iliyo hai, inayopaliliwa mwaka hata mwaka. Mwaka 2019 wataalamu walihesabu aina 124 za kahawa ya porini zinazojulikana duniani, wakaona kwamba asilimia 60 ziko hatarini, na asilimia 45 hazipo katika hifadhi yoyote ya nje ya pori. Sisi wa Kivu tunauza arabika, wenzetu wa Ituri na Tshopo robusta. Wazee wa Beni na Mambasa wanakumbuka jinsi robusta ilivyokauka: jani linakuwa manjano, tawi linakauka, mti wote unasimama kama kuni. Ule ni ugonjwa wa kuvu uitwao trakeomikozi. Ulienea kaskazini-mashariki mwa nchi yetu tangu miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Nyumba nyingi zilizosomesha watoto kwa kahawa ziliacha kuwasomesha. Dawa iliyofaa kuliko zote haikutoka kwenye chupa. Huko Uganda watafiti walitafuta kati ya miti mingi ile iliyosimama wakati mingine inakufa, wakaizidisha, wakawapa wakulima miche inayostahimili.

Ili kutafuta namna hiyo, lazima kuwe na wingi wa kutafuta ndani yake. Robusta ni mtoto wa misitu ya Kongo. Katika misitu ya Yangambi, magharibi mwa Kisangani, bado inaota porini, na kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina mashamba ya kahawa za asili mbalimbali na mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa kwenye karatasi. Kituo hicho kimepita katika uhuru, uasi, uporaji, vita viwili vikubwa na miaka mirefu ya mishahara isiyofika. Kama leo kina kitu, ni kwa sababu kuna wafanyakazi waliopalilia bila mshahara. Tungependa siku moja kanisa liwaombee hao kwa majina yao, kama tunavyowaombea wamisionari.

Sasa swali la haki, maana waamini wetu huliuliza kila mara, na si vizuri kulikwepa. Mbegu zetu zikienda ng'ambo, nani anashika ufunguo? Kuna sababu ya kuuliza. Milimani kwetu, kuanzia Lubero mpaka Kahuzi, kunaota mti ambao kila kabila lina jina lake, na wanasayansi wanauita Prunus africana. Gome lake linatengenezwa dawa ya ugonjwa wa prostati inayouzwa Ulaya. Magunia ya gome yametoka Kivu na Ituri kwa miaka mingi. Mti ukichunwa pande zote unakufa, na kwa hiyo tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini. Mchunaji alipata franga chache kwa kilo. Mbegu zake nazo hazipendi kukaa ghalani muda mrefu.

Tangu mwaka 2010 upo Mkataba wa Nagoya, unaodai kwamba anayechukua mbegu au mmea kwa utafiti na biashara apate kwanza ruhusa ya nchi na agawane faida na wenye nchi. Ni sheria nzuri. Lakini sheria inamtazama mwenye kuomba ruhusa, na kwetu miti mingi inatoweka bila mtu yeyote kuomba ruhusa ya chochote. Tukichagua kati ya mbegu iliyolala Uingereza kwa mkataba na mti uliogeuzwa makala bila mkataba, sisi tunachagua mbegu iliyolala. Tunasema hivyo tukijua kwamba baadhi ya ndugu zetu hawatakubaliana nasi, na historia ya nchi yetu inawapa sababu.

Ila tusijidanganye kwamba huo ndio wokovu wa mti. Januari 2025 serikali yetu ilitangaza kule Davos Korido ya Kijani, eneo la hifadhi la zaidi ya kilomita za mraba 500,000 kutoka Kivu mpaka Kinshasa. Wiki hiyo hiyo vita vilikuwa vimefika Minova na Sake. Hatuwacheki waliotangaza, ni afadhali nchi yenye mpango kuliko isiyo nao. Lakini msitu uliolindwa kwenye ramani, na mbegu iliyolindwa kwenye chupa, vyote viwili vinangoja kitu kimoja: kipande cha ardhi ambacho watu wake wameamua kutokikata. Vipande hivyo viko wapi leo, mashariki? Vingine ni milima ya makaburi ya wazee. Vingine, tusisite kusema, ni konsesyo za makanisa.

Makanisa yetu yana ardhi. Tuliirithi kutoka kwa misheni: hekta za shule, za hospitali, za mashamba, na pembe ambazo hazijajengwa. Katika sehemu nyingi tumezipanda mikalitusi, kwa sababu inakua upesi na kuuzwa upesi. Sawa, mishahara ya walimu inatafutwa. Lakini pembeni mwa konsesyo nyingi bado kuna miti ya asili ambayo imekwisha kabisa kwenye vilima vya jirani, kwa sababu tu wamisionari walikataza kuikata na baadaye hakuna aliyefuta katazo hilo.

Tunajua habari hii kwa aibu. Katika parokia moja ya upande wa msituni tuliyoitumikia, ulisimama mvule mkubwa nyuma ya kanisa. Wauza mbao huuita muvula. Tulihitaji viti vya ibada. Kamati ilikaa, sisi tukiwa mwenyekiti, na neno halikuwa gumu: mti ni wa Mungu, viti ni vya Mungu. Ukakatwa. Tukapata viti, na mbao zilizobaki zikauzwa kwa ajili ya bati. Miezi baadaye agronomu mmoja alipita akitafuta mbegu za mvule kwa ajili ya kitalu cha miche. Tulimwonyesha kisiki. Akauliza kama ulikuwa dume au jike.

Hatukujua kwamba mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Mama mmoja mzee aliyefagia uwanja wa kanisa kwa miaka mingi ndiye aliyejibu: kila mwaka ulikuwa ukiangusha matunda laini ya kijani, kama viwavi vinene, na usiku popo walikuwa wanapiga kelele mpaka asubuhi. Basi alikuwa jike, akasema agronomu. Popo ndio wanaokula matunda hayo na kusambaza mbegu. Na mbegu ya mvule, tofauti na kakao, ni ndogo, inakubali kukaushwa na kukaa kwenye baridi. Kila mwaka akiba ya benki ilikuwa inaanguka miguuni petu, na mama akaifagia, kwa sababu tulimwagiza uwanja uwe safi kwa Jumapili.

Vita vilipokuja huko, tulikimbia na kasha la chuma lenye hati za konsesyo. Mzee wa kanisa alilibeba kichwani siku mbili. Tulipolifungua tulikumbuka Yeremia, sura ya 32, aliyenunua shamba la Anathothi mji ukiwa umezingirwa, akaagiza hati ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba hilo ni tendo la imani juu ya kurudi. Ni kweli. Lakini Yeremia alihifadhi hati za shamba ambalo bado lingeweza kuota kitu. Sisi tulikuwa na hati tu.

Tuliporudi, tulianza kazi ndogo ambayo tunaieleza hapa bila kujivuna, kwa maana tumeianza tukiwa tumechelewa. Tulitafuta wazee watatu wanaojua miti, mmoja wao mganga wa mitishamba ambaye baadhi ya waamini hawakufurahi kumwona akitembea na wachungaji. Tulizunguka konsesyo pamoja nao tukiwa na daftari. Kila mti wa asili uliobaki uliandikwa: jina lake katika lugha ya hapo, mahali ulipo, mwezi wa maua, mwezi wa matunda, nani anakula matunda hayo. Kwa mti wenye mbegu za kukauka, wamama wanakusanya chache, wanazianika kivulini na si juani, wanazifunga kwenye chupa zenye majivu makavu chini. Kwa mti wenye mbegu zisizovumilia, hakuna kuhifadhi: mbegu inaingia kwenye kitalu wiki hiyo hiyo, au mti wenyewe unaachwa kuwa benki. Vijana wamefunga kitambaa cheupe kwenye shina la kila mti ulioandikwa, na kamati imepitisha kwamba mti wenye kitambaa haukatwi bila kikao cha parokia nzima. Vitambaa viwili tayari vimeibwa. Miti bado imesimama.

Daftari lina miti 41 ya aina 17, na aina nne kati ya hizo wazee wana majina yake lakini agronomu hana. Mvule tunao mmoja, mchanga, ulioota wenyewe karibu na kisiki, labda kazi ya popo wa mwisho. Mwaka huu ulichanua kwa mara ya kwanza. Ni dume. Kanisa lolote kati ya Beni, Walikale na Shabunda lenye mvule unaoangusha matunda ya kijani kama viwavi, tunaomba msiufagilie chini yake wiki hizo, na mtuletee habari.